Kitambaa Kilichofuliwa kwa Ajili ya Mgeni

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi karibu na pori, mama msafi hadi sifa zake zikavuka mto. Sufuria zake ziling'aa, ua wake ulifagiliwa kabla jogoo hajachoka kuwika.

Pori lile lilikuwa na mbung'o, wale inzi wanaouma hata juu ya nguo. Mbung'o akikuuma anaweza kukuachia kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho ndicho kinacholeta malale, ugonjwa wa kusinzia. Basi watu wa afya wakatundika vitambaa vya bluu kando ya njia, kila nyumba ikatunza chake. Mbung'o anapenda bluu. Akitua hapo, dawa iliyotiwa kwenye kitambaa inammaliza.

Siku moja ikasikika kwamba askofu anakuja kutoa kipaimara, na atapita njia hiyo. Mama akatazama kitambaa chake: vumbi, na kinyesi cha ndege. Moyo ukakataa. Akakishusha, akakiloweka, akakisugua kwa sabuni ya mche, akakipiga pasi, akakirudisha.

"Jirani," akamwita mwenzake, "tambara lako hilo, Baba Askofu alione?"

"Tuliambiwa tusivifue, dada."

"Mvivu hakosi la kuambiwa! Tena tazama, chini ya chako kumejaa mizoga ya inzi. Chini ya changu hakuna hata mmoja. Hata inzi wanajua kwa mtu msafi!"

Askofu akapita, akasifia. Mama akatembea kijiji kizima shingo juu.

Ndugu zangu, mnadhani inzi waliacha kutua pale? Walitua. Wakapumzika kwenye kitambaa safi, kisha wakaendelea na safari yao.

Haikupita muda, binti yake aliyekuwa akichota maji kwa njia ile akashikwa na homa. Kisha akaanza kusinzia mchana, tonge likiwa mkononi. Mama akambeba mgongoni hadi zahanati. Damu ikapimwa. Malale.

"Mama," nesi akauliza, "kitambaa chenu cha njiani mnakitunza?"

"Nakitunza sana! Nilikifua kwa mikono yangu."

Nesi akamtazama yule binti aliyelala, akasema taratibu, "Basi dawa uliimwaga pamoja na maji ya kufulia."

Mama akakaa chini, palepale sakafuni.

Binti alitibiwa, akapona. Kitambaa kikatiwa dawa upya. Askofu aliporudi, mmoja wa wageni wake akanyoosha kidole: "Tambara lile chafu ni la nani?"

"Langu!" akajibu mama yule, shingo juu kuliko mwanzo. "Sogea, baba, uone kilicho chini yake."

Na sisi je? Sala zetu tumezipiga pasi. Sare za kwaya zinapendeza, na mgeni akija anatusifu. Lakini chuki inakuja, inatua juu yetu, inapumzika, inaondoka nzima kwenda kumuuma mtoto wa mtu. Tuliifulia nini imani yetu mpaka dawa ikaisha? Tulimwogopa nani?

Mimi sioni haya kwa imani yenye vumbi la njiani, na wewe usione haya. Leo ukifika nyumbani, usiulize kama imani yako inang'aa. Inama, utazame chini yake. Uongo wako umekufa pale? Wivu wako je, umekufa? Kama vimelala chini kama wale inzi, inuka utembee shingo juu, useme, "Kitambaa hiki ni changu!"