Punje Nzito za Ambakisye

Mtu mmoja aitwaye Ambakisye alikuwa na mashine ya sumaku katika hospitali ya milimani. Kazi yake ilikuwa kutafuta ndani ya mwili pale ambapo jicho halifiki. Alikuwa akimchoma mgonjwa sindano ya maji yenye punje za chuma, ndogo kuliko vumbi la unga, kisha mashine ikageuza nguvu ya sumaku huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde moja. Punje zilipogeuka pamoja nayo zilitoa ishara, na kwenye kioo pakawaka nuru mahali zilipo.

Ambakisye alipenda kasi. Punje ndogo alizozizoea ziliiweza, na picha ikang'aa. Basi kitufe cha kasi hakukigusa mwaka mzima, na sifa za wakubwa zikamlevya kidogo.

Siku moja akaja Tusekile, mama mwenye uvimbe wa titi. Madaktari walitaka kujua ni tezi ipi ya kwapani inayopokea maji ya titi kwanza, waitoe hiyo peke yake na kuipima. Isipoonekana, wangezitoa zote, na mkono ungeweza kuvimba maisha yake yote. Naye aliishi kwa kutwanga. Punje ndogo zilikuwa zimekwisha, zikaletwa kubwa. Ambakisye akachoma, akangoja, akawasha mashine. Kioo kikabaki cheusi. Akarudia, giza lile lile. Akashika kalamu aandike kwamba dawa ile ya punje imekufa, haifai tena.

Tusekile aliuona uso wake, akauliza kulikoni. Kwa kuwa Ambakisye alikuwa muungwana, hakumficha: punje hizi ni nzito, sumaku inaziita zigeuke, nazo hazigeuki. Mama huyu alikuwa amezeeka akitwanga mahindi na wenzake, wanawake watatu kwenye kinu kimoja, mchi ukifuata mchi. Akasema, "Mwanangu, mwenye mchi mzito hafukuzwi kinuni. Wenzake hupunguza mwendo."

Ambakisye aliona haya. Akashusha kasi, akashusha tena. Zile punje nzito zikaanza kugeuka, zikatoa ishara yenye nguvu kuliko yoyote aliyowahi kuiona kwa zile ndogo, na kwapani pakawaka nukta moja. Tezi moja ikatolewa, mkono ukasalimika.

Nanyi wazazi, nanyi mnaoongoza watu: ni nani mliyekwisha kumwandika kuwa amekufa, kumbe nyinyi ndio mliomwita upesi mno?