Bahasha ya Ngoma za Asili

Mkulima wa kweli akipewa jembe huuliza shamba liko wapi. Asiye mkulima huligeuzageuza mkononi, akataka kujua chuma kilifuliwa na nani na mpini ni wa mti gani, hadi jua linakuwa utosini na magugu yanamcheka. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mchagua jembe si mkulima. Wapo wanaodhani kuwa methali hii ni ya shambani tu. Hao hawajasikia yaliyompata Manju Ngassa wa Nkoma.

Ngassa alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na ngoma yake ilikuwa bugobogobo, ile ya majembe. Wachezaji wake walirusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Husimuliwa kwamba siku moja Ngassa alirusha jembe lake, akaenda kunywa uji, kisha akarudi kulidaka. Wenye kubisha husema uji wenyewe ulikuwa nusu kikombe.

Kila mwaka, pamba ikishauzwa, kundi lake lilishindana na kundi la Manju Mwandu wa Shishiyu katika uwanja wa mnada wa ng'ombe, Bariadi. Ushindani huo haukuwa na jaji wala karatasi. Makundi mawili yalipiga kwa wakati mmoja, hili kaskazini na lile kusini mwa uwanja, na watazamaji walikwenda walikovutwa. Kura zilipigwa kwa miguu. Aliyezingirwa na watu wengi jua likielekea kuzama ndiye aliyeshinda.

Kwa miaka miwili mfululizo miguu hiyo ilikuwa imekwenda kwa Mwandu. Na mapatano ya makundi yale yalikuwa makali kama wembe: manju akishindwa mara tatu mfululizo, anamkabidhi mwenzake ngoma yake kuu. Ngoma kuu ya Ngassa ilichongwa na babu yake, mzee Ndaki. Ikipigwa Nkoma, ng'ombe wa vijiji vitatu waligeuza shingo. Kwa Ngassa, kuipoteza ngoma hiyo kungekuwa sawa na kumzika babu yake mara ya pili.

Sasa, Ngassa alikuwa na binti aitwaye Nyanjige, aliyekuwa akiuza samaki Lamadi. Mikono yake ilinuka dagaa, lakini koo lake lilikuwa asali. Alitunga wimbo kuhusu wachuma pamba, akaurekodi kwenye studio ya hapo Lamadi, na kwa kuwa mdundo wake ulikwenda mbio, wenye studio wakauita singeli. Nyanjige akampigia baba yake simu kwa furaha. Ngassa akauliza ni wimbo wa aina gani. Aliposikia neno singeli, aliuliza bei ya dagaa.

Kwake yeye singeli zilikuwa kelele za watu wanaokimbizwa na mbwa. Hakuwahi kuisikiliza hata moja mpaka mwisho, na hakuona sababu. Lakini kitu kikiitwa cha asili, alikimeza bila kutafuna. Pale Bariadi dada mmoja, Nancy, alikuwa na kibanda cha kuuza nyimbo kwenye memori kadi, kila kadi ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa wino mzito: KWAYA, TAARABU, SINGELI, NGOMA ZA ASILI. Ngassa hakuwahi kugusa bahasha nyingine isipokuwa hiyo ya mwisho. Wakati fulani tangazo la dawa ya kupe lilijipenyeza humo kwa bahati mbaya. Ngassa alilisikiliza lote, akatikisa kichwa na kusema kuwa wazee walikuwa na sauti.

Nyanjige aliyajua hayo yote. Akamwendea Nancy, akamwomba auweke wimbo wake ndani ya bahasha ya ngoma za asili, kadi moja tu, ya baba yake. Nancy alisitasita, akasema wateja wake wanamwamini. Nyanjige akamwahidi kuwa lawama zote ni zake. Wakakubaliana.

Ngassa akaja, akanunua, akachomeka kadi kwenye redio aliyoining'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Hakufika mbali. Wimbo ulipoanza, sauti ikiwa imeharakishwa na mitambo ya studio hata asiitambue, alishuka, akaanza kutembea huku akiikokota baiskeli, na inasemekana aliingia Nkoma kwa miguu bila kukumbuka kwamba baiskeli hupandwa. Jioni ile ile aliwakusanya wachezaji wake, akawaambia amepata wimbo wa marehemu babu yake, uliopotea tangu mwaka wa nzige. Kesho yake alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto mgongoni, aliusikia ukiimbwa. Siku ya tatu alikumbuka hata rangi ya fahali aliyechinjwa.

Kundi likaufanyia mazoezi kwa majuma matatu. Ngoma kuu ilipokea mdundo ule kama ardhi kavu inavyopokea mvua, na majembe yaliruka kwa kasi ambayo Nkoma haikuwa imeiona. Wachezaji waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kuwahi mazoezini. Hata Ngassa mwenyewe, mwenye magoti ya kulalamika, aliyasahau magoti yake.

Asubuhi ya shindano Nyanjige aliwasili kutoka Lamadi. Akamkuta baba yake mbele ya watu, akisimulia habari za babu Ndaki, wimbo na yule fahali. Aliona kuwa uongo huo ukifika uwanjani na mtu mmoja akautambua wimbo, aibu ya baba yake haitafutika. Akangoja watu watawanyike, akapiga magoti na kumsalimia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Umekuja siku njema."

"Baba, wimbo ule si wa babu Ndaki. Ni wangu. Ndiyo ile singeli uliyoikataa kwenye simu."

Uso wa Ngassa ulishuka kama hema lililokatwa kamba. Alimtazama bintiye, akaitazama redio, akamtazama tena bintiye.

"Umenilisha nyama ya mnyama nisiyemjua, Nyanjige."

"Nimekulisha, baba, na kosa ni langu. Lakini sahani uliiramba."

Ngassa aliwaita wachezaji, akawatangazia kuwa wimbo ule umefutwa na watacheza nyimbo za zamani. Wakamsihi. Akasema ni heri ngoma ya Ndaki iende Shishiyu kuliko kupigiwa singeli.

Alasiri makundi yakaingia uwanjani. Ngassa akaanza na wimbo uleule wa mwaka jana, na watu wakafanya yaleyale ya mwaka jana: wakasikiliza kidogo, wakajikuna, wakahamia kwa Mwandu. Haikupita saa moja, upande wa Ngassa wakabaki mkewe Monika, Nyanjige, babu mmoja aliyesinzia kwenye kigoda na mbuzi aliyefungwa kamba. Mwandu akamtuma mtu wake aje aulize kwa adabu kama mkokoteni wa kubebea ngoma uletwe sasa hivi, au wasubiri jua lipoe.

Wapigaji wa Ngassa wakainamisha vichwa. Hapo Monika akasogea.

"Baba Nyanjige, ulipokuja kwetu kuposa na baba akakupima kwa kulima, alikupa jembe gani?"

"Unalijua. Lilikuwa limelika, limebaki kama kijiko."

"Ukalikataa?"

"Nililima ekari mbili."

Ilikuwa ekari moja, lakini Monika aliiacha ipite.

"Uliuliza linaitwaje?"

Kutoka kusini mwa uwanja vilisikika vicheko vya watu wa Mwandu. Ngassa aliiangalia ngoma ya babu yake, akaupitisha mkono juu ya ngozi yake. Kisha akapiga moyo konde, akamwita bintiye na kumkabidhi usinga wake wa umanju mbele ya kundi zima.

"Mwenye wimbo ni wewe," akasema. "Anzisha."

Nyanjige akafunga khanga kiunoni, akatoa sauti.

*Pamba nyeupe, mikono myeusi,*
*Nani aichume, nani aivae?*

Ngoma kuu ikaitika. Majembe yakapaa. Babu aliyesinzia akaamka na kuanza kucheza kabla hajakumbuka yuko wapi. Watu wa upande wa pili wakageuza shingo, kisha mabega, kisha miguu. Walikuja wawili wawili, wakaja kumi kumi, wakaja kama siafu. Akina mama waliochuma pamba maisha yao yote waliupokea wimbo kana kwamba wao ndio walioutunga. Vumbi lililotimka, wanasema, liliwafanya wanawake wa Shishiyu waanue mahindi yao wakidhani ni wingu la mvua. Wapigaji wa Mwandu nao wakaanza kuchopoka mmoja mmoja, na mwishowe Mwandu mwenyewe akaja kusimama pembeni, akitikisa bega moja tu ili asionekane.

Jua lilipoelekea kuzama, hapakuwa na haja ya kuhesabu. Ngoma ya Ndaki ilibaki mikononi mwa wajukuu zake.

Mshereheshaji wa uwanja akaja na kipaza sauti na daftari lake la kumbukumbu, akauliza aandike ni ngoma ya asili au singeli, maana watu wanabishana. Ngassa akanyoosha mgongo. Wanaomjua wanasema siku hiyo alirefuka kwa kiasi cha shubiri.

"Andika kwanza jina la mtunzi," akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Ni Nyanjige, binti Ngassa wa Nkoma. Mimi baba yake niliukataa wimbo huu kabla ya kuusikia, na nilipousikia nikampa babu yangu sifa isiyo yake. Hiyo aina unayoitafuta, iulize miguu yako. Nimeiona ikicheza."

Watu wakaangua kicheko, kisha shangwe. Nyanjige alilia bila kujificha, na baba yake, mbele ya Bariadi yote, akamfuta machozi kwa pindo la khanga aliyojifunga binti huyo. Siku hiyo Nkoma ilijifunza kwamba apendaye wimbo huanza kwa kuusikiliza, na anayeanza kwa kuuliza jina lake hulala na kiu kando ya kisima. Hakika, mchagua jembe si mkulima.