Aliyemfungua Mwanakombo Kusoma

Kaeni kitako mnisikilize. Mliomaliza shule mnisamehe mapema.

Hapo zamani, si zamani sana, mdogo wangu Mwanakombo alimaliza muhula mzima wa darasa la kwanza hajui kusoma. Mwalimu mkuu akasema atampima baada ya miezi mitatu, akishindwa anarudia. Akasema pia shule inataka msaidizi mmoja wa kusoma na watoto wadogo. Atakayemfungua huyu akajua kusoma, kazi ni yake.

Mimi nilitoroka darasa la tano, nauza soksi stendi. Kazi ya kukaa kwenye kiti naionaga kwa wenzangu tu.

Nikamkaririsha kitabu kizima kwa siku mbili. Akakisoma kama mtangazaji, tatizo alikishika kichwa chini miguu juu. Na mimi nilikuwa nimeshapiga makofi.

Dada yetu Siwatu akacheka mpaka akakaa chini. Akaanza na sauti: m na a, ma, m na e, me. Kila asubuhi, dakika kumi. Mtoto akaunga maneno, ila alisoma "mamba" kama anataja namba ya simu.

Bibi Riziki, mama wa mama yetu, akamchukua. Kila jioni hadithi, kila hadithi maswali: kwa nini kakimbia, unadhani atarudi? Sasa neno akilisoma, analijua.

Ila mbele za watu alikuwa bubu. Anaogopa kukosea. Mimi kukosea nina uzoefu. Nikamwambia anisomee ukurasa, na mimi nimsomee wangu. Nikikwama, ananicheka na kunirekebisha. Watu walidhani najifanya sijui. Sikuwa najifanya.

Siku ikafika. Akapewa karatasi asiyowahi kuiona, akaisoma yote, na penye kuchekesha akacheka.

Mwalimu akauliza kazi ampe nani.

Siwatu akasema, "Bila sauti zangu angekuwa anakariri mpaka leo."

Bibi akasema, "Angesoma kama kasuku, mjukuu wangu. Maana nilimpa mimi."

Nikasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi alinifundisha, ndipo akaacha kuogopa."

Mwalimu akanipa karatasi ileile. Nikaisoma, jasho linanitoka, na mstari wa mwisho Mwanakombo akaninong'oneza.

Kazi ni moja, na darasani kuna watoto arobaini wanangoja. Je, wewe ungekuwa mwalimu mkuu, ungempa nani?