Korongo wa Kivileni

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali hizi za juzijuzi, za simu zenye tochi, palikuwa na kinamasi kiitwacho Kivileni. Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikimaliza nitawauliza.

Kivileni walilala korongo wenye taji la manjano kichwani. Wakubwa walitaka kukikausha walime mpunga. Akaja afisa wa ndege, mama mmoja asiyecheka ovyo, akasema, “Kesho jioni tunahesabu. Korongo wakifika mia, kinamasi kinahifadhiwa. Akipungua hata mmoja, matrekta yanaingia. Na nikikuta udanganyifu, hesabu yote naitupa.”

Wakajitolea watatu kumsaidia: Nakiete fundi cherehani, Mbonea fundi baiskeli, na Mama Elinami muuza maziwa. Nakiete aliamshwa na korongo wale tangu utoto wake. Alfajiri isiyo na kelele zao hakuweza kuifikiria. Lakini hofu hakuwa nayo.

“Mia wapo,” alisema. “Hawa nawajua.”

Tatizo lilikuwa mbwa wa wafugaji. Kila jioni waliingia kwenye matete na kuwatawanya ndege. Siku ya hesabu Mama Elinami akawafuata wafugaji boma kwa boma. “Wanangu, leo ng'ombe wapite njia ya juu, mbwa wabaki nyumbani.”

“Mama, mbwa hawa hawajui kamba.”

“Basi watajua kushiba.” Akawamiminia maziwa yote ya siku ile, hakubakiza hata ya chai. Mbwa wakanywa, wakalala chali kama wageni wa harusi.

Jioni ikafika. Nakiete akakaa upande wa mashariki, Mbonea magharibi. Korongo wakaja, makundi kwa makundi, wakatua mitini. Nakiete alihesabu huku akitabasamu peke yake. Walipokutana na kujumlisha, wakapata mia na saba. Kijiji kilichokusanyika barabarani kikapiga vigelegele.

“Hata yule mwenye mguu unaoning'inia kaja, dada!” Mbonea akasema kwa furaha. “Yeye na wenzake saba.”

Nakiete akaacha kucheka. “Mguu wa kushoto?”

“Huohuo.”

“Hao walitua kwangu kwanza, nikawahesabu, ndipo wakahamia kwako. Kaka, tumewahesabu mara mbili.”

Watu wakamzonga. “Nyamaza wewe! Afisa hajasikia!” Nakiete alitamani kunyamaza, walahi alitamani. Akaenda kwa afisa, akamweleza yote mbele ya wale waliomzomea. Ondoa wanane, wakabaki tisini na tisa.

Kijiji kikaguna. Mbonea hakuguna, alikuwa anavua viatu.

“Wiki nzima nikiziba pancha pale barabarani namwona dume akitua peke yake kwenye matete yale,” alisema. “Dume huyo tumemhesabu, lakini hatui mahali pamoja kila siku bila sababu. Afisa, nifuate kwa macho.” Akaingia majini mpaka kifuani, ruba wakimganda miguuni, akasimama mbali kidogo asimshtue ndege, akanyoosha kidole. Afisa akainua darubini. Katikati ya matete, taji la manjano: jike amelalia mayai, hajatoka kiotani jioni nzima.

“Mia,” akasema afisa. Na hapo alicheka.

Kinamasi kikapona. Afisa akavua darubini shingoni. “Hii ni ya mmoja. Nitakayempa ndiye atakayesimamia hesabu ya Kivileni kila mwaka. Semeni.”

Mama Elinami akasema, “Nipe mimi. Bila maziwa yangu mngehesabu matete. Ndege wangetua wapi na mbwa wale?”

Mbonea akasema, “Nipe mimi. Wote hawa walifika tisini na tisa, na tisini na tisa ni matrekta. Ndege wa mia nimemfuata mimi.”

Nakiete akasema, “Nipe mimi. Ndege wako wa mia, kaka, ungemweka juu ya wanane wa uongo, na afisa angeitupa hesabu nzima. Na msimamizi mnayemtaka ni yule atakayesema kweli hata mkimzomea.”

Mikono mitatu ikanyooshwa. Afisa akawatazama, akatazama darubini, kisha akawageukia wanakijiji.

Na mimi nawageukia nyinyi. Msitazamane. Je, kati ya aliyewaleta ndege, aliyesema kweli na aliyempata wa mia, darubini ile mngemvika nani shingoni?