Mama Anisia na Jiwe la Mpaka

Wanaohifadhi habari za waja wema wa kale hutusimulia ya kwamba, katika nchi ya Wanubi, jangwani, mbali na mto Nili, palikuwa na nyumba ya watawa wa kike waliosifika kwa saumu na kwa ukali wa kanuni zao. Mkuu wao alikuwa Mama Anisia, mcha Mungu aliyezeekea katika uongozi. Nataka mjue tangu mwanzo kwamba mama huyu alikuwa amechoka. Sisi wasimulizi tuna tabia ya kuwafanya watakatifu wasichoke kamwe, na huko ni kuwaonea.

Kanuni ya nyumba ile ilikuwa hivi. Mtawa aliyeonekana na kosa kubwa alitolewa nje. Mama Mkuu alimsindikiza kwa miguu hadi kwenye jiwe jeupe lililokuwa mpaka wa nyumba, mahali ilipopita misafara ya ngamia, na aliyemshitaki alifuatana nao awe shahidi. Mshitaki ndiye aliyejaza kibuyu cha maji ya safari, kwa mkono wake mwenyewe. Yeyote aliyelipita jiwe lile hakuruhusiwa kurudi tena. Mama Anisia alikuwa amekwisha kuwasindikiza wengine kabla ya haya tunayoyasimulia, na kila mara alirudi amemwacha mmoja nyuma, akaketi mezani na dada zake, akashindwa kula.

Ukaja mwaka wa ukame. Kisima kilipungua hata maji yakagawiwa kwa kikombe. Mtawa mmoja kijana, jina lake Eulalia, aliwekwa amwuguze Mama Priska, kikongwe asiyeweza tena kusema wala kuinua mkono. Siku moja ya joto kali Eulalia akanywa maji ya mgonjwa. Hakunywa kwa bahati mbaya, wala hakubakiza. Mama Priska alishinda na kiu mchana kutwa, na siku ya pili yake akafariki dunia. Kama aliuawa na maradhi au na kiu, Mungu peke yake ndiye ajuaye.

Aliyekikuta kikombe kikavu na midomo iliyopasuka alikuwa Febronia. Huyu aliachwa na msafara angali mchanga, na Priska ndiye aliyemlea. Hakuwa na mama mwingine. Febronia alisimama mbele ya watawa wote akashitaki, na Eulalia alipoulizwa akakiri, asijitetee kwa neno lolote. Watawa wakasema kanuni ifuatwe. Mama Anisia akawatazama mmoja mmoja, akaomba fimbo yake.

Wakashuka njiani watatu. Mama alitembea polepole na kusimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Eulalia alikibeba kibuyu kifuani, na ingawa jua lilichoma hakuthubutu kukifungua. Febronia alitembea nyuma yao, macho makavu, akitamani jambo lile liishe.

Walipofika kwenye jiwe, Mama Anisia hakusimama. Alilipita pamoja na Eulalia, akasogea hatua chache, kisha akaketi mchangani kama mtu aliyefika nyumbani.

Febronia akashtuka. "Mama, umelipita jiwe."

"Najua, mwanangu. Nimechoka kurudi na kumwacha mtu."

Febronia akamsihi ainuke upesi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeona. Mama akatikisa kichwa. Alisema kwamba Mungu ameona, na kwamba kanuni iliposema "yeyote" haikumtoa Mama Mkuu. Eulalia naye akapiga magoti akamwomba arudi, akisema yeye anastahili kuachwa. Mama akamwambia anyamaze apumzike.

Hapo hasira ya Febronia ikapasuka. "Alikunywa maji ya mama yangu."

"Alikunywa," Mama Anisia akajibu. "Wala sikwambii ni jambo dogo. Nami nilimpenda Priska. Lakini Bwana wetu naye alitolewa nje ya mji, na kila nimwachapo mtu hapa naona kama nimemwacha Yeye. Siwezi tena. Nenda ukawaambie dada zako wachague mkuu mwingine."

Febronia akalia. Alijua kwamba akienda kuwaita watawa watajadiliana mpaka jioni, na Mama, kwa uzee wake, hatalistahimili jua lile. Alijua pia kwamba Mama hatainuka bila Eulalia. Akabaki amesimama kati ya maiti aliyemzika na mzee aliye hai mbele yake, na moyo wake ukawa mzito mno.

Kisha akainama, akaliegemeza bega lake kwenye jiwe, akasukuma. Jiwe halikutikisika, lilikuwa limekaa pale tangu enzi za waasisi. Akasukuma tena, akitweta. Eulalia akaweka kibuyu chini, akaja, akatia mikono yake kando ya mikono ya Febronia. Febronia akaitazama mikono ile iliyokishika kikombe. Hakuifukuza.

Wakasukuma pamoja. Jiwe likang'oka, likabingirika kwenye mteremko, likampita Mama Anisia, likatulia mbele yake, naye akawa tena ndani ya mpaka. Mama akalitazama, akacheka kidogo, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

Febronia akakiokota kibuyu alichokijaza mwenyewe, akamnywesha Mama. Kisha akakishika kwa muda mrefu, akamnyoshea Eulalia. Eulalia akaficha mikono nyuma.

"Kunywa, dada," Febronia akasema. "Njia ya kurudi inapanda."

Eulalia akanywa huku akilia, na wote watatu wakarudi nyumbani.

Wasimulizi hawasemi kwamba Febronia aliponywa uchungu wake siku ile. Wanasema alikaa muda mrefu akiona vigumu kusimama karibu na Eulalia wakati wa sala, na bado kila siku alisimama karibu naye. Wapendwa, rehema haingoji tuwe tumekwisha kupona. Sisi nasi tuna mawe tuliyoyaweka, na nje ya mawe hayo kuna watu wenye hatia ya kweli, wanaongoja jua liwamalize. Bwana na atupe nguvu za kusukuma, hata tukiwa tumechoka.