Mungu Mamba Begani mwa Askofu

Hapo zamani, watu walipokuwa na miungu mingi na ndiyo kwanza wameambiwa wabakize mmoja, ulikuwepo mji wa Sarkola, ukingoni mwa Mto Naili. Askofu aliahidi kuweka kiti chake huko iwapo hekalu la kale lingegeuzwa kanisa. Karani wa mji, Shemasi Merkuri, akapewa kazi hiyo. Msaidizi hakupewa.

Akamwita fundi Paese aifunike miungu ya ukutani kwa lipu.

"Siku ishirini ikauke," alisema Paese.

"Unazo tisa. Mji jirani wa Kosheri nao unamtaka askofu."

"Basi naipiga nzito, mara moja. Ikianguka usinitafute."

Siku ya tisa askofu akafika, akaketi, akahubiri juu ya kushindwa kwa sanamu. Pwaa! Lipu ikaporomoka. Mungu mamba akachungulia juu ya bega lake, meno yote nje. Watu wakacheka. Wazee wawili wakapiga magoti, kwa mazoea.

Askofu akajipangusa vumbi. "Merkuri, niletee jina la mkosaji kabla ya sala ya jioni. Jina moja. Afukuzwe mjini, la sivyo nahamia Kosheri."

Merkuri akamgeukia Paese.

"Shemasi, nilikwambia ishirini!"

"Ukakubali tisa!"

"Nina watoto watano. Ningekataa ungemwita shemeji yangu, na yule hata banda la mbuzi limemshinda."

Bibi Asata, mfagiaji wa hekalu tangu usichana wake, akainua mkono. "Mjukuu wangu, jana niliuosha ukuta. Mitungi saba."

"Uliosha lipu mbichi?"

"Mgeni aje akute ukuta mchafu? Kila mkesha wa sikukuu huoshwa. Mama yangu aliuosha, na mama yake."

"Bibi, hizo zilikuwa sikukuu za mamba!"

"Ungeniambia, basi. Wewe ulibandika tangazo mlangoni. Mimi najua kusoma?"

Merkuri akashika kichwa. Tangazo la kukataza kugusa ukuta lilikuwa la Kigiriki, tena Kigiriki kizuri. Na siku kumi na moja alizikata mwenyewe. Lakini asingezikata, askofu angekuwa Kosheri kitambo. Paese alipiga lipu nzito akijua inaweza kuanguka. Bibi hakujua, ila ndiye aliyemwaga maji, na tangu azaliwe hajalala nje ya Sarkola hata siku moja.

Wino umeshalowesha kalamu, jua linakwenda, na askofu ameagiza punda wake atandikwe. Enyi mnaocheka, hebu ishikeni kalamu hiyo: je, nani alistahili kufukuzwa?