Kiboko Ataja Alivyokula

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Sema wewe, mwenye hadithi ni wewe.

Pakawa na chuo, na mpira, na tumbo moja kubwa. Nilete, au nirudi nayo nyumbani?

Lete, tumeshakaa.

Basi kaeni vizuri, na wewe Mwanakombo uache kuchokonoa mkeka wangu. Hapo zamani wanyama walikuwa na chuo chao huko Bondeni. Walisoma nini, mimi sijui, na nimeuliza sana. Ninachojua ni kwamba walicheza mpira, na mfungaji wao alikuwa Kiboko.

"Bibi, kwani kiboko anacheza mpira?"

Na wewe umemwona wapi asicheze? Alicheza. Hakuwa akikimbia, alikuwa anakuja tu. Tindi, tindi, tindi. Mabeki wakimwona anakuja wanawakumbuka mama zao, wanapisha. Puu! Mpira wavuni, kipa wavuni, Kiboko mwenyewe wavuni. Na Kocha Kongoni anapuliza filimbi, priii, wakati mwamuzi wala si yeye.

Lakini tabia hakuwa nayo. Mazoezini haji. Akija, anawakalia wenzake. Na chakula cha mtu hakimpiti. Akiona sahani ya mwenzake anafungua mdomo, gubu, sahani nyeupe.

Chuo kilikuwa na Kamati ya Nidhamu, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Kobe. Siku Kiboko alipokula mahindi ya Swala, Swala alikwenda kushtaki.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kiboko amekula mahindi yangu."

"Marahaba. Ni kosa kubwa hilo," alisema Mzee Kobe. "Lakini mechi ni Jumamosi. Tutaliangalia Jumatatu."

Jumatatu ikafika. Kiboko akamkalia Kanga mazoezini, manyoya yakapeperuka mpaka jikoni. Kanga akaenda kushtaki.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kiboko amenikalia."

"Marahaba. Ni kosa kubwa hilo. Lakini mechi ni Jumamosi. Tutaliangalia Jumatatu."

Mnacheka. Kwani kwenu hayapo?

Sasa, kamati ikikaa bila kuadhibu mtu, watu wataanza kuuliza inakaa kufanya nini. Kwa hiyo mtu wa kuadhibiwa alikuwepo, na alikuwa Pimbi.

Pimbi mnamjua, yule mdogo, wa mviringo, asiye na mkia, anayekaa kwenye mawe. Huyu alikuwa pimbi wa kwanza wa mawe ya kwao kuingia chuo, na mama yake alikuwa amepita kila jiwe akitangaza. Mpirani alikaa benchi. Mpira wenyewe aliugusa ukiingia vichakani tu, akatumwa kuufuata. Kiboko akila cha mtu, Pimbi anazungushwa uwanja. Kiboko asipokuja mazoezini, Pimbi anazungushwa uwanja.

Tena alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuuliza.

"Kocha, nauliza tu. Kiboko akikosa, mbona miguu inayochoka ni yangu?"

"Wewe unajengwa tabia," alisema Kocha Kongoni.

"Na yeye?"

"Yeye anafunga."

Pimbi akalitafuna jibu hilo huku anazunguka uwanja, na hakuliona tamu. Lakini badala ya kununa akaanza kushangaa. Kiboko haogopi kocha, haogopi kamati. Je, yupo kiumbe asiyeogopa kitu? Pimbi akataka kujua. Akawa anamwangalia Kiboko.

Akaona mambo. Siku ya mechi timu nzima inapita getini, Kiboko anazunguka nyuma, anavunja ua, anaingia kinyumenyume, matako kwanza. Akifika kwenye mstari anauruka, mguu wa kushoto usiuguse. Akipita mlingoti wa goli anautemea mate, ptu. Na kwenye kifundo cha mguu amefunga kitambaa cheusi ambacho hata akioga haoni sababu ya kukivua.

"Kaka Kiboko," aliuliza Pimbi, "mbona hupiti getini?"

"Getini wamefukia dawa."

"Nani?"

"Wapinzani. Kila timu ina mtaalamu wake. Wewe wa benchi utajulia wapi?"

"Kweli, sijui kitu," alisema Pimbi, akaenda kuota jua juu ya jiwe na kulifikiria vizuri jambo hilo.

Ikaja wiki ya fainali, Bondeni na Chuo cha Ng'ambo ya Mto. Mpishi akachemsha sufuria kubwa ya viazi vitamu, vya timu nzima. Mvua ilikuwa inanyesha, na pimbi na baridi hawapatani, kwa hiyo Pimbi akajikunja karibu na jiko akalala. Kiboko akapita. Akanusa. Gubu.

Timu ilipokuja kula, ikakuta sufuria tupu na Pimbi anakoroma. Kamati ikakaa hapo hapo.

"Pimbi, ulikuwa wapi?" aliuliza Mzee Kobe.

"Karibu na jiko, Mwenyekiti. Nilikuwa na baridi."

"Na viazi vilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Unaona," Mzee Kobe alimwambia Kocha. "Wote walikuwa sehemu moja."

"Naomba kuuliza, Mwenyekiti. Mimi nikiingia mzima ndani ya ile sufuria, inabaki nafasi ya mama yangu, na shangazi zangu, na wageni wao. Viazi vyote vile nimeviweka wapi?"

Mzee Kobe akakohoa. "Maswali nayo ni utovu wa nidhamu. Unafukuzwa chuo. Utaondoka Jumapili asubuhi, ili Jumamosi ubebe maji."

"Na Kiboko? Mdomo wake unanuka viazi mpaka huku."

"Mechi ni Jumamosi," alisema Mzee Kobe. "Tutaliangalia Jumatatu."

Nisiwafiche, Pimbi alilia. Alimfikiria mama yake na yale mawe yote aliyotangazia. Atarudi aseme nini? Kwamba amefukuzwa kwa kula viazi vinavyomzidi ukubwa? Alilia mpaka akachoka, akajifuta kwa mkono, akashuka mtoni kwa Kiboko.

"Kaka Kiboko, nimekuja kukuaga. Ila kuna swali linanisumbua."

"Uliza upesi, nataka kulala."

"Wale wa Ng'ambo ya Mto, mtaalamu wao mwaka huu ni nani?"

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Kwa nini?"

"Aa, ni uvumi tu. Nasikia safari hii hawakufukia getini. Wamefukia golini. Dawa ya tumbo."

"Ya tumbo?"

"Mchezaji akiwa amekula cha mwenzake, akilikaribia goli linapungua. Anapiga, linapungua. Anapiga, linapungua, mpaka linakuwa tundu la panya. Lakini wewe halikuhusu. Wewe unakula chako tu."

Kiboko akazama, gururu, gururu, povu likapanda, akaibuka.

"Sasa mtu," alisema Kiboko, "si mimi, rafiki yangu mmoja, akiwa amekula cha mwenzake, afanyeje?"

"Huyo rafiki asimame mstarini kabla ya kukanyaga nyasi. Ataje chakula na mwenye chakula, kimoja kimoja. Akificha hata tonge, goli ndilo hilo linapungua."

"Kwa sauti ndogo?"

"Dawa imefukiwa golini, kaka. Mpaka isikie kule."

Jumamosi uwanja ukafurika. Timu ya Bondeni ikaingia. Kiboko akavunja ua wake, akaja kinyumenyume mpaka mstarini, akasimama.

"Ingia," alisema Kocha.

Kiboko akafungua mdomo. "Mahindi ya Swala."

Watu wakageuka kumtazama.

"Karanga za Ngedere. Boga la Tembo, na mbegu zake. Uji wa Kanga, siku niliyomkalia. Mahindi ya Swala tena, yale mengine."

"Kiboko, mwanangu," alinong'ona Kocha Kongoni, "haya ni ya nyumbani."

"Niache, Kocha, goli litapungua. Viazi vya timu, sufuria nzima. Pimbi alikuwa amelala, sikumwonjesha hata kimoja."

Uwanja ukaguna, mmmh, kuanzia jukwaani mpaka juu ya ua.

"Vitatu nilimpa Kocha anyamaze. Kimoja nilimpa Mwenyekiti, nikamchagulia kilichoiva sana, kwa kuwa hana meno."

Chwi. Kichwa cha Mzee Kobe kikaingia ndani ya gamba, na miguu ikafuata.

Mwamuzi akachoka kusubiri, akaanzisha mechi. Bondeni wakacheza pungufu, wakafungwa bao, na Kiboko bado anataja. Alifika kwenye maziwa aliyomnyang'anya ndama, zamani yeye Kiboko akiwa mdogo. Mapumziko yakaja yakapita. Ndipo akasema, "Basi, vimekwisha," akavuta pumzi, akauruka mstari. Akaliangalia goli. Lilikuwa pana kama jana. Tindi, tindi, tindi, puu! Tindi, tindi, tindi, puu! Bondeni wakachukua kombe.

Lakini watu hawakuondoka. Waliizunguka kamati wakitaka kusikia, na gamba la Mzee Kobe likabidi liseme kitu.

"Kamati imechunguza kwa kina," lilisema gamba, "na imeona Pimbi hakula."

"Na huyu akiondoka," alisema Kiboko, "mimi naondoka naye. Nani mwingine anajua dawa za golini?"

Kesho yake Pimbi hakufunga mzigo. Badala yake akapewa kazi ya miiko ya timu, na miiko akaipata kwa wingi. Mfungaji asipokuja mazoezini, mguu wa kulia unakuwa mzito. Mfungaji akimkalia mwenzake, mpira unamkwepa. Kiboko akawa anafika uwanjani kabla ya Kocha, na akitaka kuketi anaangalia kwanza chini yake. Mwisho wa mwaka alipewa zawadi ya mwanachuo mwenye tabia njema. Kocha akahutubia juu ya malezi, na Mzee Kobe akashukuru kwamba kazi ya kamati sasa inaonekana.

Pimbi akaongeza mwiko mmoja mdogo tu. Viazi vya siku ya mechi sharti vionjwe na mtu mfupi asiye na mkia. Akaonja vya Kiboko. Akaonja vya Ngedere. Akawa wa mviringo kupita alivyozaliwa. Siku moja Swala alirudi na sahani nyeupe, akaenda kushtaki.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Pimbi amekula viazi vyangu."

"Marahaba. Ni kosa kubwa hilo," alisema Mzee Kobe. "Lakini mechi ni Jumamosi."

Kwa hiyo, wajukuu zangu, hadithi hii inatufunza kutii kamati, kutouliza maswali, na kutogusa chakula cha mwenzako mpaka kwanza timu iwe haiwezi kucheza bila wewe.

"Bibi, na Jumatatu ilikuwaje?"

Jumatatu kulikuwa na mazoezi. Nami hapa nimepuliza filimbi, priii. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, mimi nimeshaizoea.